Boga Lililopumzishwa: Mwongozo wa Kulala na Kula Hoteli ya Shambani

Ndoa yenu imetimiza miaka kumi, na mama watoto amekukumbusha kwa sauti isiyo na mzaha. Mwaka huu hakuna kuku wa kuchoma kwenye baa ya mtaani. Anataka ile hoteli ya Karatu iliyo katikati ya shamba la kahawa, yenye mgahawa ambao chakula huletwa kwa awamu kama mtu anayelipa deni la mabati. Usiogope. Nimekwenda, nimerudi, na haya ndiyo niliyojifunza.

1. Kula kabla ya kwenda kula

Chakula cha jioni huanza saa moja na nusu na kwisha saa nne. Katikati hapo utaletewa sahani saba, na vyote vilivyomo ukivikusanya vinaenea kwenye kiganja. Kwa hiyo ukitoka Arusha, ukishakata kulia pale Makuyuni, usipite Mto wa Mbu hivi hivi. Nunua chane nzima ya ndizi nyekundu na mahindi ya kuchoma mawili, yapakwe ndimu na pilipili. Hapo sasa mnaweza kuupanda ukingo wa Bonde la Ufa mkiwa na heshima zenu.

Ukijiuliza kwa nini watu wenye akili timamu huendesha gari kilomita karibu 140 kufuata kipande cha boga, jibu ni matairi. Kampuni ya Michelin ya Ufaransa ni wauza matairi. Mwaka 1900 ilianza kugawa bure kitabu cha kuwaelekeza wenye magari mahali pa kulala, kujaza mafuta na kutengeneza gari, ili watu wasafiri sana, matairi yaishe, wanunue mengine. Mwaka 1926 ikaanza kutoa nyota kwa wanaopika vizuri. Nyota mbili zikaja kuwa na maana kwamba inafaa uache njia yako upitie hapo, na tatu kwamba inafaa ufunge safari kwa ajili ya chakula hicho tu. Nyota hizo hazijafika Karatu, lakini matairi yanaisha vilevile.

2. Jitambulishe mapema

Mimi nilipofika getini, mlinzi alinisalimia vizuri, akachungulia kiti cha nyuma, akauliza kwa upole, "Wageni wako wako wapi, kaka?"

Alidhani mimi ni dereva wa watalii. Madereva wana njia yao, inazunguka nyuma ya jiko, na wana bwalo lao la kulia huko huko. Nikamwambia mgeni ni mimi. Akaomba radhi mara tatu, na mama watoto akacheka mpaka mapokezi. Bwalo hilo likumbuke, tutalirudia.

Mapokezi utapewa juisi kwenye glasi ndogo na kitaulo cha moto kilichoviringishwa kama chapati. Usikile. Ni cha kufutia uso na mikono, na kitatoka chekundu kwa vumbi la Karatu. Usiombe msamaha, vumbi ni lao. Dada wa mapokezi ataanza kwa Kiingereza; wewe mjibu kwa Kiswahili kilichonyooka na uulize bei ya mkazi kabla hujauliza chochote kingine, hata choo. Na kama unaweza kuchagua tarehe, nenda Aprili au Mei, masika yakiwa yamekolea na watalii wamekwenda kwao. Bei hushuka, matope hupanda.

3. Usipigane na kitanda

Wakati mkiwa mezani, mtu ataingia chumbani, atawasha moto kwenye jiko la ukutani na kukunja pembe ya shuka. Baadaye utapanda kitandani, na mguu wako utagusa kitu cha moto, laini, kinachotikisika. Tulia. Si mnyama. Ni chupa ya mpira yenye maji ya moto, imewekwa kwa sababu usiku wa Karatu una baridi. Mimi usiku wa kwanza niliipiga kwa kiatu. Mpira wake ni imara.

4. Mezani tumia masikio

Visu na uma vitakuwa vingi kuliko watu. Anzia vya nje, uje ndani kila sahani inapobadilishwa. Zamani hata Wafaransa wakubwa walipanga vyakula vingi mezani kwa pamoja, kila mtu akajipakulia, mambo yasiyo mbali sana na sinia letu. Inasimuliwa kwamba ni balozi wa Urusi mjini Paris, Alexander Kurakin, aliyewazoesha mwanzoni mwa karne ya 19 mtindo wa kuleta chakula kwa zamu. Faida yake ilikuwa ya maana: kila kitu kinafika kikiwa cha moto.

Karatu kilifika cha moto, kikapoa kikielezwa. Kijana alisimama, mikono nyuma, akatamka: "Boga la bustani yetu, lililopumzishwa juu ya mchicha mchanga, na tone la mafuta ya mbegu zake." Nikalitazama. Lilikuwa na ukubwa wa kiberiti, limeegemea jani moja kama mgonjwa anayesubiri kuitwa na daktari. Limefanya kazi gani hata likapumzishwa?

Usiulize hivyo. Tikisa kichwa taratibu, funga macho, sema "Mmmh." Usiombe ugali. Usiombe pilipili. Mkate omba, mara mbili. Mara ya tatu kijana atakuwa ameshaelewa na ataleta kikapu bila kuulizwa. Akiinama kukiweka, mnong'oneze: "Kwenu boga mnalipikaje?"

Yule wangu aliangalia nyuma kwanza. "Kwetu, mzee? Tunachemsha tu. Sufuria nzima." Yalikuwa maelezo mafupi kuliko yote ya usiku ule, na ndiyo pekee yaliyonitia njaa.

5. Bili isome ukiwa umekaa

Zamani bei ziliandikwa kwa dola, ukajidanganya kwamba 150 ni namba ndogo. Tangu kanuni za mwaka 2025 zilipokataza kupanga bei na kulipana kwa fedha za kigeni humu nchini, sifuri zote zinakutazama usoni. Kodi ya ongezeko la thamani nayo imo: serikali imekula lile boga pamoja nawe. Weka sahihi bila kuhema.

6. Hatua ya mwisho

Usiku wa pili mama watoto alisema baridi imemzidi, anatangulia chumbani. Nikabaki na bili. Nilipotoka, upepo ukaleta harufu ya nyama ya mbuzi na kitunguu kutoka nyuma ya jiko. Mlinzi alikuwa palepale njia panda.

"Wageni wako wako wapi, kaka?" akauliza, safari hii akitabasamu.

"Wamelala," nikamjibu, nikafuata harufu.

Bwaloni hakuna aliyeeleza chochote. Madereva wanne walikuwa wameuzunguka ugali, wakasogea kunipa nafasi. Pembeni yao nikamkuta mama watoto ameshanawa mikono.