Usimwambie Apunguze Jazba

Jumamosi jioni kijiwe chetu cha Kariakoo kilikuwa kimefurika. Mzee wa kahawa ameshamimina raundi ya pili, kashata zinaelekea kwisha, na mada ni udiwani. Mmoja wa wanaotajwa kuchukua fomu ni Mtanzania mwenye asili ya Kihindi. Watu wakamchambua: ana uwezo, hana, ataisimamia mitaro au atakaa kimya kama waliomtangulia, ushuru wa soko je? Mabishano matamu, ya kujenga. Ndipo fundi mmoja wa saa, mtu mpole ambaye hapandishi sauti hata Simba na Yanga zikicheza, akatua kikombe taratibu akasema: "Mimi sina ugomvi na mtu. Ila ponjoro abaki dukani kwake. Siasa atuachie wenye nchi."

Hatua moja kutoka kwake aliketi kijana wa duka la vipuri. Babu yake kazikwa hapa Dar es Salaam, baba yake kazaliwa mtaa wa nyuma, na yeye mwenyewe amecheza drafti na sisi tangu akivaa kaptula za shule. Akasimama. "Huo ni ubaguzi, mjomba. Na umeusema nikiwa nakutazama." Mkono ulikuwa unamtetemeka, kahawa ikimchuruzika vidoleni, wala hakuifuta.

Sasa niambieni, kijiwe kilimkemea nani? Kilimkemea yeye! "Kijana, punguza jazba." "Tuongee kistaarabu." "Mtu mzima huyo, humwiti mbaguzi mbele za watu." Fundi hakuambiwa neno. Alichukua kikombe chake, akaendelea kunywa.

Nilisonya mpaka mzee wa kahawa akageuka. Maana hapa ndipo tulipoharibikiwa, jamani. Tumeuchukua ustaarabu tukaufanya kipimo cha sauti. Anayetukana kwa utulivu, huyo mstaarabu. Anayelia kwa sababu kaumizwa, huyo mkorofi. Mimi siukubali mzani huo. Neno "ponjoro" halipungui uzito kwa kusemwa pole pole. Na neno "golo", ambalo baadhi ya Wahindi huwaita Waafrika nyuma ya kaunta wakidhani hawasikiki, nalo halipungui uzito kwa kunong'onwa. Yote mawili ni matusi, na mwenye kutukanwa ana haki ya kusema nimetukanwa.

Nchi hii imeshakaa kikao juu ya jambo hili, tena kikao kizito. Oktoba 1961, miezi miwili kabla ya Uhuru, Muswada wa Uraia ulikuwa mezani katika Ukumbi wa Karimjee. Wapo wabunge, Christopher Kasanga Tumbo akiwa mmojawapo, waliotaka uraia wa Tanganyika uanzie kwa Waafrika, na wengine wasubiri nje. Hebu tuliangalieni jengo lenyewe. Ukumbi ni wa jina la familia ya Karimjee, wenye asili ya India. Na kiti cha Spika wakati ule kilikuwa cha Abdulkarim Karimjee. Maana yake mtu anainuka, anasema "Mheshimiwa Spika" kwa heshima zote za kibunge, kisha anaeleza kwa nini watu wa rangi ya Spika huyo wasihesabiwe wananchi. Adabu ya mdomoni ilikuwepo, kamili kabisa.

Mwalimu Nyerere, Waziri Mkuu, hakuwaomba wapunguze jazba. Aliwaka yeye mwenyewe. Alifika mahali pa kuwalinganisha na Hitler, kwa vile walikuwa wanaitukuza rangi, akasema serikali yake iko tayari kujiuzulu kuliko kuukubali uraia wa namna hiyo. Je, alikosa adabu? Kwangu mimi, hakukosa. Hakugusa ukoo wa mtu wala sura yake. Aliishika hoja, akaionyesha inakoelekea, na akaweka ulaji wake mwenyewe rehani. Ukali wa namna hiyo una heshima ndani yake, kwa sababu anayeambiwa anajua hasa ni kauli gani inayokataliwa, na anaweza kuifuta akabaki mbunge, akabaki ndugu.

Nakiri upo upande wa pili, nao unauma. Miezi michache nyuma, hapo hapo kijiweni, mama mmoja mpishi wa kiwandani alieleza kwamba alimuuliza tajiri wake habari ya mkataba wa kazi, akajibiwa, "Nyinyi mnatuchukia kwa rangi yetu." Mkataba tu jamani! Neno ubaguzi likageuzwa mlango wa kufungia swali, na mama akarudi jikoni bila karatasi. Huo nao ni uovu, kwa sababu unalichosha neno. Kesho atakapolisema mtu aliyebaguliwa kweli, watu watapinda midomo.

Lakini dawa yake si kulikataza neno. Katiba yetu ya 1977, ibara ya 13, imeeleza kubagua ni nini: ni kumtimizia au kumnyima mtu haki kwa kuangalia kabila lake, alikotoka, rangi yake, dini yake na kadhalika. Pima kwa hapo. Mama kauliza mkataba, rangi imeingiaje? Fundi kasema mtu asigombee kwa asili yake. Kumebaki nini zaidi ya rangi?

Mnakumbuka miaka ya 1990, Mchungaji Christopher Mtikila alivyojaza viwanja kwa habari za walalahoi na magabacholi? Swali la walalahoi lilikuwa la haki: nani anauziwa mali ya umma, kwa bei gani, nani anabaki na njaa. Ila lile neno la pili lilimpiga tajiri na likampiga pia mshona suruali wa Kihindi asiye na hata kodi ya chumba, na tajiri ndiye aliyeponea humo, amejificha nyuma ya watu wa rangi yake. Swali likapotea. Kila nikilifikiria jambo hilo roho inaniuma.

Tangu Jumamosi ile kijana wa vipuri anakunywa kahawa dukani kwake, amesimama mlangoni, ubao wa drafti unachezwa na watu wengine. Jana fundi alimtuma mtoto ampelekee kikombe na kashata mbili. Kikombe kilipokelewa, kikarudi kitupu. Fundi akaniangalia kama mtu aliyemaliza deni. Nikamwambia, "Kaka, kahawa umeituma. Neno lako ulilisema kwa mdomo, mbele yetu sote. Mtaa ni huu huu, na duka lake liko wazi mpaka saa mbili."

Akavaa miwani yake, akainamia saa ya mteja. Bado namsubiri anyanyuke.