Namna ya Kupungua kwa Pamoja Bila Kupungua

Ukishapita miaka 40, ukapanda mizani ikasoma 98, na gauni la sare ya harusi ya mwaka juzi likakwama mabegani, usithubutu kufanya lolote peke yako. Mtu mzima akipungua peke yake anatafutiwa ugonjwa. Sisi tuliokulia miaka ya tisini tunajua. Mtu alikuwa akikonda shingoni tu, mtaa mzima umeshajua amekanyaga waya, na wapi, na nani kamkanyagisha. Kagera Ukimwi uliitwa Juliana, jina la kitambaa. Waganda wakauita kwa wembamba wenyewe. Tangu hapo unene kwetu ni cheti cha daktari, mtu anatembea nacho mwilini. Mimi nilipopunguza kilo 4 za mwanzo, mama mkwe alimpigia simu mume wangu, siyo mimi, akauliza kwa sauti ya msibani: “Baba, huyo mkeo anakula?”

Kwa hiyo tafuta kundi. Mkikonda watu kumi hamuumwi, mna mradi.

Wachague kwa makini. Usimchukue jirani unayemjua kwa salamu tu, wala yule mwanamke mkimya wa ghorofa ya tatu kazini anayekuja na kontena la mchicha. Waite wale mnaokula pamoja: wa kamati za harusi, wa kikoba, na yule shoga yako ambaye hamjawahi kukutana pasipo sahani katikati. Wataalamu wameshakuthibitishia. Mwaka 2007 Nicholas Christakis na James Fowler walichapisha uchunguzi wa watu 12,067 wa Framingham, Marekani, waliofuatiliwa tangu 1971 hadi 2003. Wakaona kwamba rafiki yako akinenepa kupindukia, uwezekano wa wewe kumfuata unapanda kwa asilimia 57. Jirani akinenepa, hilo ni lake na mlango wake. Kumbe kitambi kinasafiri kwa urafiki, na marafiki ndio hao umewaita. Kazi imeanza vizuri.

Kikao cha kwanza ni cha uongozi. Kundi lisilo na mwenyekiti, katibu na mweka hazina litapungua uzito kiholela. Sisi wiki tatu nzima tuliishia kwenye jina la kundi, ya nne tukapima fulana. Hapo mwenyekiti akasimama na hoja ambayo hadi leo naiheshimu kwa ujasiri wake: tusiagize fulana za miili tuliyo nayo, tuagize za miili tunayokwenda. Zikaja kumi na moja, zote saizi ya kati. Yangu anavaa mtoto wangu wa darasa la saba, inamkaa vizuri sana.

Kisha mfuko. Hapa naomba utulie, maana ndipo penye ufundi. Katiba yetu ilisema kila Jumamosi tunapima. Aliyeongezeka kilo analipa shilingi 2,000, asiyefika kikaoni analipa 5,000. Mizani iwekwe juu ya zulia nene, ambapo haisomi sawasawa, ili kila matokeo yawe na rufaa. Mtu avue viatu, hereni, saa, mkanda. Mwenzetu mmoja alivua wigi. Basi tukapima, tukatozana, na ilipofika Novemba mweka hazina akasimama na daftari lake la kaunta akasoma: 684,000. Vigelegele! Hakuna aliyeuliza zile pesa zimetokana na nini. Kundi linalopungua halina hata nauli. Linalonenepa ndilo linalotajirika. Kwa desturi ya vikoba vingi, mwisho wa mwaka mfuko unavunjwa, nasi tukauvunja kwa mbuzi mmoja mzima, pilau, na soda za baridi. Niliona watu wakila faini zao kwa uchungu mkubwa, wakaongeza.

Katikati ya wiki mna kundi la wasapu. Asubuhi zipostiwe picha za maji ya uvuguvugu yenye limao. Mchana kuwe kimya. Usiku apite yule mwanachama muuza chai ya kukata tumbo, maana hakuna kundi lisilo naye. Chai nyingi za aina hiyo zina sanamaki, ambayo bibi zetu walitupa tukifunga choo. Utakimbilia maliwatoni usiku kucha, asubuhi mizani itasoma kilo moja na nusu chini, utashangilia kwa herufi kubwa. Ni maji hayo. Yatarudi na glasi ya kwanza, ila yeye pesa yake harudishi.

Na matembezi. Sisi tulichagua Jumamosi jioni, Daraja la Tanzanite, tunaanzia upande wa mjini. Daraja lina kilomita moja na ushei, upepo wa bahari unakupiga, kanga zinapepea, mwendo unakuwa wa kimaongezi. Tulisimama kila baada ya taa chache kupiga picha, nusu tukitazama bahari, nusu tukitazama foleni. Tatizo la daraja lile, au baraka yake, ni pale linapokutua: Coco Beach. Na Coco Beach, kwa mtu wa Dar, ni mihogo. Muuzaji anaitoa kwenye karai ikiwa bado inachemka, anaipasua kwa kisu katikati, anaijaza kachumbari na ile pilipili nyekundu ya kuchuruzika, anakupa kwenye sahani ya plastiki iliyo moto kwa chini. Wenzangu walisema tumestahili. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia kina kalori kama 120, na muhogo ule umeogelea. Saa nzima ya kutembea kwa mwendo wetu ilikwisha kabla hatujagusa wa pili. Lakini hesabu hizo msizilete mezani, zinaharibu umoja.

Kila kikao lazima mtu mmoja avute pumzi aseme: “Jamani, tukishavuka arobaini mwili unagoma.” Wote muitikie. Na ole wake atakayemtaja Herman Pontzer. Mwaka 2021, yeye na wenzake walichapisha kwenye jarida la Science vipimo vya watu zaidi ya 6,400, wa kuanzia siku 8 za kuzaliwa hadi miaka 95. Wakakuta kwamba ukizingatia ukubwa na muundo wa mwili, moto wa ndani hauzimiki ukifika 40; unakaa palepale toka miaka ya 20 hadi karibu 60. Kabla ya hapo, bwana huyohuyo alikuja kwetu, akakaa na Wahadzabe kule Ziwa Eyasi, watu wanaotembea kutwa wakiwinda na kuchimba mizizi. Mwaka 2012 akatoa jibu lililowaudhi wengi: kwa siku, Mhadzabe hachomi nishati zaidi ya Mmarekani wa ofisini mwenye mwili kama wake. Mwili unajua kubana matumizi. Maana yake, ndugu msomaji, daraja peke yake halitakuvusha. Kutembea kunasaidia sukari, presha na usingizi, endelea nako. Kilo zenyewe zinaingilia mdomoni na zinatokea hukohuko.

Si kwamba hakuna kinachobadilika. Misuli inapungua usipoitumia. Kwa sisi wanawake, hedhi inapoelekea kukoma, mafuta yanahama nyonga yanaelekea tumboni. Ila kwangu, nikisema kweli, kilichobadilika zaidi ni cheo. Nilipokuwa na miaka 27 nilibadilisha daladala mbili na kukimbilia ya tatu. Sasa nina gari, nina kiti chenye magurudumu, na nina vikao ambavyo saa nne kamili mlango unafunguliwa, inaingia chai, sambusa na maandazi, na mtu wa ngazi yangu akikataa anaonekana ana kinyongo na mwenyekiti.

Nikuonye sasa juu ya mfano mbaya wa kuuepuka. Mwaka 1961, huko Queens, New York, mama wa nyumbani aitwaye Jean Nidetch alikuwa na kilo kama 97, karibu sawa na mimi. Alikuwa amekwenda kwenye kliniki ya jiji, akapewa mpango wa kula, akaufuata, akapungua kidogo. Tatizo lilikuwa biskuti. Alikuwa na biskuti za chokoleti anazozificha kwenye kapu la nguo chafu bafuni, anakula usiku, na kliniki hasemi. Siri ikamzidi. Akaita marafiki sita nyumbani kwake, akawaambia habari za biskuti. Nao, badala ya kumcheka, wakaanza mmoja mmoja kutaja walikoficha vyao. Wiki iliyofuata wakaja wengine. Mwaka 1963 kikao kile kikawa kampuni, Weight Watchers, na mama yule alikuwa ameshapunguza kilo zaidi ya 30.

Unaona hatari? Hawakuanza na fulana.

Kundi letu tulijikinga na jambo hilo kikamilifu. Kwa miezi tisa, watu kumi na mmoja, hakuna aliyewahi kula. Muulize yeyote: “Mimi jamani hata sili, sijui hili tumbo linatoka wapi.” Ndizi moja asubuhi, mchana matunda, usiku nalala na maji. Mwenyekiti, ambaye binti yake alinidokeza kwamba mama hulala na sufuria ya ukoko wa wali, alikuwa akitusikitikia kwa kukosa nidhamu. Mimi mwenyewe nilikuwa nanunua vitumbua sita kwa mama mmoja wa kituoni, nafunga vioo vya gari, nawasha kiyoyozi, nakula nikiwa nimeinama kama mtu anayetafuta kitu kilichoanguka chini. Kisha nafuta mafuta vidoleni kwa risiti ya petroli, na Jumamosi naingia kikaoni kulaani mizani.

Kwa hiyo mkiona mwanachama anaelekea kusema kweli, mnyamazisheni mapema. Sisi tulichelewa. Siku mbili baada ya ule mbuzi, saa tano na nusu usiku, mweka hazina alinitumia ujumbe wa sauti. Siyo kwenye kundi, kwangu. Alikuwa ananong'ona, kwa nyuma nasikia friji. “Shoga, nimekula chapati nne. Nimesimama tu hapa jikoni, taa nimezima. Usimwambie mtu.” Nilisikiliza mara tatu. Ningemjibu kwa ile lugha yetu ya kundi, pole mpenzi kesho ni siku mpya, na ua jekundu, tungekuwa salama. Badala yake nikaandika: vitumbua sita, ndani ya gari, kila Jumatatu na Alhamisi. Akanipigia. Tulicheka mpaka mume wangu akagonga ukuta.

Kuanzia hapo mambo yakaharibika. Hatuna katiba. Kila usiku mmoja anamwandikia mwenzake neno moja, “Ngapi?”, na huyo anataja alichokula siku hiyo, chote, na idadi yake. Hakuna faini na hakuna pole. Niligundua baadaye kwamba hata ule utafiti mkubwa wa kuzuia kisukari uliotoka Marekani mwaka 2002, wa watu 3,234, uliwapa washiriki kazi hiyohiyo: andika unachokula, na uwe na mtu wa kumrudia. Waliopangwa kubadili maisha walilenga kupunguza asilimia 7 tu ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki, na hatari ya kupata kisukari ikapungua kwa asilimia 58. Asilimia 7 ya kilo zangu 98 haifiki hata kilo saba. Mimi nilikuwa nimewaahidi watu kilo thelathini kufikia Pasaka.

Mweka hazina anatumia vidonge vya sukari, kwa hiyo yeye alianzia kwa daktari wake, maana ukipunguza chakula dozi ikabaki ileile, sukari inaweza kushuka ukaanguka. Hilo silitanii. Sahani zetu zikageuka taratibu: mboga nusu, samaki au maharage robo, wali ukapewa kona iliyobaki, kama mgeni aliyekuja bila taarifa. Mihogo ya Coco tunakula bado. Sahani moja, watu wawili, mara moja kwa mwezi, na inaandikwa.

Kilo 12 kwa miezi kumi na minne. Kwa kipimo cha kundi ni aibu. Mwenyekiti alituondoa kwenye wasapu kwa utoro, na tunadaiwa faini.

Desemba mama mkwe alikuja. Alinizunguka mara mbili pale sebuleni, kama mnunuzi wa ng'ombe mnadani, hakusema kitu, akafunga kanga kiunoni akaingia jikoni kwangu. Ilitoka mchuzi wa kuku wa nazi, na chapati zake zile za kusukuma kwa samli, zinazochambuka zenyewe. Alikaa mkabala wangu, mkono shavuni, akahesabu kila tonge. Niliposhindwa aliniita mwanangu, na kwa jina hilo hakuna anayekataa. Usiku, wote wamelala, simu ikawaka kitandani: “Ngapi?”

Nikaandika, tatu.

Nikafuta. Nikaandika, tano, na mchuzi niliufuta kwa kipande cha sita.