Mti Uani kwa Mavyaa

Kabla sijaolewa Kibuyuni, wazee wa pande zote mbili walikaa kitako wakakata shauri: mimi nibaki na Ukristo wangu, mume wangu na Uislamu wake, na watoto wafuate dini ya baba yao. Mahari ikapokewa, ubani ukafukizwa, watu wakala pilau wakatawanyika. Hakuna aliyeuliza watoto hao wataambiwa nini ifikapo tarehe 25 Desemba.

Miaka ya mwanzo jambo hilo halikutusumbua, maana Krismasi tulikuwa tunaifuata kwetu Sagalla, mlimani juu ya mji wa Voi. Huko mmishonari J. A. Wray wa Church Missionary Society alifungua kituo mwaka 1883, na ukoo wetu ni wa kanisa tangu zama za bibi yake mama yangu. Kibuyuni nako ni kijiji cha wavuvi na wakulima wa mwani, jirani na Shimoni, na siku nzima hugawanywa kwa adhana. Wanangu huenda shule asubuhi na chuo cha Kurani jioni. Kwa hiyo walikuwa na dini ya pwani na sikukuu ya mlimani, na baina ya hizo mbili palikuwa na safari ya kutwa nzima ambayo ilitosha kuzitenganisha.

Desemba ya 2022 hatukusafiri. Mwezi ulikuwa ndio kwanza unaandama, na mwezi ukiandama bahari huingia katika bamvua, maji yakakupwa mpaka mbali. Hapo ndipo wanawake wa Kibuyuni hushuka kupanda. Mbegu ya mwani ni kipande cha mwani wenyewe, kinachofungwa kwa tai-tai kwenye kamba ndefu, kamba nayo ikavutwa kati ya mambo mbili zilizokitwa mchangani. Baada ya kama wiki sita unavuna, unaanika juu ya vichanja, unauza. Maji mafu yakishaingia, shamba halifikiki vizuri tena mpaka bamvua lijalo. Mavyaa wangu alikuwa ameshapoteza kamba kadhaa kwa joto la kaskazi, na mume wangu, nahodha wa boti ya watalii waendao Kisite, huwa hana nafasi Desemba. Nikasema nitabaki nimsaidie. Mama yangu aliposikia akasema basi, kama Krismasi haipandi mlima, yeye atashuka nayo.

Akashuka kweli. Basi kutoka Voi, feri ya Likoni, matatu ya Lunga Lunga, bodaboda kutoka njia panda ya Shimoni, na jogoo mzima mzima kapuni. Tangu niolewe hajawahi kutuletea kuku aliyekwisha kuchinjwa. Humleta hai ili mkwewe amchinje kwa bismillahi na nyumba nzima ile. Mavyaa hufahamu maana ya jogoo huyo, na hajawahi kukosa kumshukuru.

Watoto humwita Mavyaa Bibi, na mama yangu Nyanya. Mkubwa alikuwa msichana wa miaka kumi, wa kati mvulana wa saba, kitinda mimba mvulana wa minne. Huyu wa kati ndiye mwenye maswali. Wiki hiyo tulipokwenda Ukunda kununua mchele, alimkuta mlangoni mwa duka kijana aliyevalishwa joho jekundu na ndevu za pamba, jasho linamtiririka. Akampa shikamoo kwa ajili ya zile ndevu, kisha akaniuliza yule ni nani. Mama mmoja kwenye foleni akaninong'oneza nimwache mtoto afurahi, nimwambie ni Baba Krismasi ametoka mbali na zawadi. Nikamwambia mwanangu kwamba yule ni kijana yuko kazini, kavaa nguo alizopewa, na kwamba hadithi yake imetokana na Nikolao, askofu wa mji wa Myra, katika nchi ambayo leo ni Uturuki, aliyeishi katika karne ya nne na kusifika kwa ukarimu. Akafikiri mpaka tulipofika kituo cha matatu. Halafu akauliza: "Na Jibrili? Naye ni mtu aliyevaa nguo?"

Hiyo ndiyo sababu sipendi uongo mtamu kwa watoto, hata uliokusudiwa kuwafurahisha. Mtoto hana madaftari mawili, moja la tuliyomwambia kwa mzaha na jingine la tuliyomwambia kwa imani. Anaandika yote katika moja. Nikamjibu kwamba Jibrili ninamwamini mimi na baba yake anamwamini pia, na kwamba kwa jambo hilo hatumchezei.

Usiku wa Ijumaa Nyanya na Bibi walikaa na watoto kwenye mkeka mmoja, umeme umekatika, kila mmoja akahadithia. Nyanya alisimulia Bethlehemu: nyumba ya wageni imejaa, mtoto akalazwa horini, wachungaji wakajiwa na malaika usiku, mamajusi wakafuata nyota. Bibi akangoja amalize, akasimulia Maryam alivyoshikwa na uchungu peke yake mbali na watu, akajiegemeza kwenye shina la mtende akitamani angekuwa amekufa zamani. Akaitwa asihuzunike, chini yake kuna kijito, na alitikise shina zimwangukie tende mbivu. Kisha kichanga kikasema kikiwa bado mikononi, kumtetea mama yake. Watoto hawakupepesa. Mimi nilikuwa jikoni nasikiliza, na nilifurahi, kwa sababu mabibi hao wawili kwa miaka yote walikuwa wameulizana hali, mvua na bei ya unga, lakini hawajawahi kusikilizana hivyo.

Jumamosi maji yalipokupwa, mwendo wa saa nne asubuhi, tulishuka mimi na Mavyaa tukakata mbegu nzuri kutoka kwenye kamba zilizonusurika. Tukazileta nyumbani ndani ya magunia yaliyolowa maji ya bahari, tukayaweka chini ya mwembe. Jioni tungefunga, Jumapili tungepanda. Mavyaa akaswali adhuhuri akajinyoosha kidogo. Nyanya alikuwa barazani anapeta mchele. Mimi nilikuwa nakuna nazi.

Kelele tulizosikia zilikuwa za mbuzi. Tulipotoka uani tulikuta tawi kubwa la mvinje limesimamishwa ndani ya pipa lililojazwa mchanga, refu kuliko mkubwa, na tawi lote limening'inizwa mwani kuanzia juu hadi chini: wa kijani, wa kahawia, wa zambarau, kila kipande kimefungwa kwa tai-tai za Mavyaa kwa mafundo ambayo yeye mwenyewe aliwafundisha. Magunia yalikuwa matupu. Jua la kaskazi lilikuwa limeshaanza kuulegeza mwani. Chini ya mti kitinda mimba alikuwa amelikumbatia shina akilitikisa kwa nguvu zake zote. Mbuzi wa jirani, na waliowafuata, walikuwa wanaokota kila kilichoanguka. Kabla sijafika, mtoto alitikisa mara ya mwisho na mti ukaja chini pamoja na pipa, ukaangukia beseni la mchele wa Nyanya, na jogoo wa Sagalla, aliyekuwa amefungwa mguu kwenye nguzo ya baraza, akakata kamba akaruka ua.

Mavyaa alisimama mlangoni na kanga ya kujifunika usingizini. Hakuangalia mbuzi wala mchele, aliangalia mti. Akasema polepole, "Mti wa Krismasi. Ndani ya ua wangu. Kwa mbegu yangu."

Mama yangu akainuka. Alikuwa ameumia kwa namna nyingine. "Mkwe, Mungu ni shahidi, mimi sikuwaambia watoto habari ya mti wowote."

"Sijasema umewaambia."

"Hujasema, lakini umenitazama."

Mume wangu akaingia wakati huo huo akitoka Shimoni, na jogoo mkononi, maana alikuwa amekutana naye njiani. Akauona mti, akamwona mama yake, akamwona mkwewe anafuta machozi, na akawa karibu kupandisha sauti. Ndipo yule wa kati akasogea mbele, mchanga umemjaa mpaka nyusi, akasema: "Si mti wa Krismasi, Baba. Ni mtende."

Mkubwa akaeleza yote. Maryam alihitaji mtende, na mtende Kibuyuni hawakuuona. Mnazi hawezi mtoto kuutikisa. Wakakata mvinje ufukweni. Tende nazo hazikuwapo, lakini mwani ulikuwepo, na mwani ukiufunga kwa fundo jepesi huanguka mti ukitikiswa, walishajaribu. Hori lilikuwa lile sanduku la samaki pembeni, limewekwa makuti. Kijito walikichora kwa jembe. Mbuzi walialikwa, kwa sababu Nyanya alisema palikuwa na wanyama. Wachungaji walikuwa wanangoja zamu yao nyuma ya choo, watoto wa jirani watatu, kila mmoja na fimbo.

Mavyaa akaketi kwenye kizingiti. "Hebu nianzie mwanzo," akamwambia mjukuu wake. Msichana akasimulia kisa chake kimoja kilichoshonwa kwa viwili, na mabibi wakaanza kumsahihisha, kila mmoja kwa upande wake. Bibi akasema kwamba katika Sura Maryam hakuna zizi. Nyanya akasema kwa Luka hakuna mtende. Nyanya akataja mamajusi watatu. Msichana akataka aonyeshwe watatu hao. Nyanya akavaa miwani, akafungua Mathayo sura ya pili, akasoma kwa sauti, akarudia. Zawadi ni tatu, idadi ya watu haimo. Akaifunga Biblia kidole kikiwa ndani, akasema, "Miaka yote hii." Tarehe pia walitafuta, na haimo kokote. Desemba 25 inajulikana kwa mara ya kwanza katika kalenda ya Roma ya mwaka 354, na Wakristo wa Ethiopia mpaka leo husherehekea Januari 7.

Kisha wa kati akauliza swali ambalo tulikuwa tumelikwepa tangu azaliwe. "Isa wa chuoni na Yesu wa Nyanya ni mtu mmoja au wawili?"

Najua jibu ambalo wengi wangetoa, kwa sababu nimelisikia harusini na misibani katika familia zilizochanganyika kama yetu: Mungu ni mmoja, dini zote ni sawa, nenda ukacheze. Ni maneno ya kutuliza, na walioyasema walitaka amani. Lakini mtoto anayeona baba yake akiamka alfajiri kila siku, na nyanya yake akisafiri kutwa nzima kwa ajili ya siku moja, anajua kwamba watu hawa hawajishughulishi kwa vitu vilivyo sawasawa. Ukimwambia ni sawa, unamfundisha kwamba wazazi wake hawajui wanachokiamini.

Mume wangu akamkalisha. "Ni mtu mmoja," akasema. "Alizaliwa na Maryam, naye Maryam hakuguswa na mwanamume. Hapo tuko pamoja sote. Mimi na Bibi, na nyinyi chuoni, tunaamini ni mtume wa Mungu, na kwamba Mungu hana mwana. Mama yenu na Nyanya wanaamini ni Mwana wa Mungu. Haya mawili hayakutani, na wala tusijifanye yanakutana. Mimi nashika la kwanza. Mama yenu anashika la pili, nami nilimuoa nikilijua. Mtu akikuuliza, mwambie hivyo hivyo. Asimdharau mama yako mbele yako, na wewe usimdharau Bibi nyumbani kwa nyanya yako."

Aliniangalia kama nina neno. Nikawaambia watoto kwamba baba yao amesema sawasawa, na kwamba kesho nitasali barazani na Nyanya, na anayetaka kukaa kusikiliza akae. Mavyaa hakupinga. Alisema tu, "Na mbegu yangu?"

Mbegu ilikuwa imekwisha. Tuliyoiokota ilikuwa imekauka ncha na kuliwa viini. Habari zikazunguka kijiji kabla ya magharibi, na Jumapili asubuhi, nilipomaliza sala na Nyanya, wanawake wanane au tisa walikuwa uani na visu na vikapu vyao. Tulishuka sote. Kila mmoja alikata vipande kwenye kamba zake mwenyewe na kumpa Mavyaa palepale majini, bila kupima. Mama yangu, ambaye alikuwa hajawahi kuingia baharini zaidi ya vifundo vya miguu, alisimama maji ya magoti na sketi yake ya kanisani imefungwa kiunoni, anafunga tai-tai huku Mavyaa akimfundisha fundo. Fundo lake likawa gumu mno. "Legeza, Mkwe, unaukaba," Mavyaa akamwambia, akamshika vidole akamwonyesha tena. Watoto walipewa kamba moja yao peke yao waihudumie, na mbuzi wote wakafungwa.

Mchana jogoo alichinjwa, akapikwa mchuzi wa nazi, na sinia likawekwa mkekani. Tulikuwa tumefika katikati ya wali pale wa kati alipoweka tonge chini.

"Hao mamajusi," akasema, "walikuwa dini gani?"

"Waabudu moto," Mavyaa akajibu.

"Watu wa hekima, na walipiga magoti," Nyanya akajibu naye, wakati huo huo.

"Waabudu moto wampigie magoti mtoto wa Maryam kwa nini?"

"Ndilo jambo lenyewe, Mkwe!"

Mkubwa alikuwa ameshainuka, ananawa mikono. Akamtuma mdogo wake Biblia ya Nyanya, na yeye akaenda mtungini kutawadha ili aulete msahafu.