Uzalendo wa Raketi

Pale njiapanda ya Kombani, wakuu wa kijiweni wamepitisha sheria: Mkenya asishabikie mcheza tenisi asiye Mkenya. Msemaji wao, hamri mkononi, alikuwa amevaa jezi ya Arsenal.

Haya, tutii. Julai 2022 Angella Okutoyi wetu alitwaa kombe la Wimbledon la wasichana, wachezaji wawili wawili. Mkenya wa kwanza kushinda taji la vijana la Grand Slam. Tupige vigelegele? Ngoja kwanza. Mwenzake alikuwa Rose Marie Nijkamp, Mholanzi. Basi tumshangilie Angella akipiga, na mpira ukienda kwa Rose tukunje nyuso. Ng'ambo ya wavu alisimama Victoria Mboko wa Kanada, aliyezaliwa Marekani na wazazi Wakongo. Huyo naye tumzomee kwa Kiingereza au kwa Kilingala?

Uraia si jambo la mzaha, waungwana. Waulizeni Wamakonde wa hapa hapa Kwale, waliokaa miaka na mikaka bila vitambulisho, hadi Oktoba 2016 wakafunga safari kwa miguu kuelekea Nairobi kuvidai. Muda wote huo hakuna aliyewakataza kuishangilia Harambee Stars. Kufungwa tulikuwa tukifungwa sote.

Na wazalendo wanaotaka Okutoyi wa pili atoke Kwale, wateremke Diani. Viwanja vya tenisi vipo, ndani ya mahoteli. Askari wa getini haulizi uraia wa mtu. Anauliza nambari ya chumba.