Bawa la Dhahabu na Nyaya Tatu za Njano

Pikipiki ya safari ndefu, kwa maana inayokusudiwa hapa, ni chombo cha magurudumu mawili kilichoundwa kumbeba mtu, mwenzake na mizigo yao kwa mamia ya kilomita kwa siku bila migongo yao kulalamika, na kwa hiyo hakina undugu wa karibu na bodaboda, isipokuwa kwamba vyote viwili huanguka vikiachiwa. Injini ya bodaboda ya kawaida ina ujazo wa sentimita 100 hadi 150 za ujazo. Ile ya Honda Gold Wing ya aina ya GL1100, iliyoundwa kuanzia 1980 hadi 1983, ina 1,085, silinda nne zilizolala ubavu, mbili huku na mbili kule, maji ya kuipoza kama gari, na shafti badala ya mnyororo. Jina lake maana yake ni Bawa la Dhahabu. Kwa hali ambayo chombo hiki hununuliwa siku hizi, kikiwa kimetumika kwa miaka mingi na kulala mingine, dhahabu imeshaondoka na bawa lililobaki ni la kuku: lipo, ila haliruki.

Wanaokerwa na tabia ya kuvigeuzageuza vyombo vya zamani huisahau historia ya hiki. Gold Wing ya kwanza, iliyooneshwa 1974, ilitoka kiwandani bila kinga ya upepo wala masanduku, na ni waendeshaji wa Marekani walioivika wenyewe, wengi wao kwa kinga kubwa iitwayo Windjammer iliyobuniwa na Craig Vetter, hadi Honda yenyewe mwaka 1980 ikaleta toleo lililokwisha kuvikwa, Interstate, lililoundwa Marysville katika jimbo la Ohio. Hoja hiyo mwandishi wa insha hii, akaaye Columbus, mwendo usiofika saa moja kutoka Marysville, aliitoa mbele ya mkewe siku pikipiki ya 1982 iliposhushwa kwenye trela ya kukodi. Mkewe aliizunguka mara moja, akauliza: “Baba watoto, hii ndiyo itakayotubeba, au ndiyo tutakayoibeba?”

Kukarabati ni kukirudisha chombo katika hali yake ya awali, na kugeuza ni kukipeleka katika hali ambayo hakijapata kuwa nayo. Lakini kwenye gereji mpaka baina ya mambo hayo mawili huamuliwa na bolti iliyokatikia ndani, kwa kuwa baada ya hapo kila kilichokuwa ukarabati huwa ugeuzaji, apende fundi asipende. Mikanda miwili ya taimingi, ile ya mpira inayozifungamanisha vali na mwendo wa pistoni, hubadilishwa bila mjadala, maana ikikatika pistoni huzigonga vali, na mpira huzeeka hata chombo kikiwa kimelala. Kwenye tangi la petroli ndiko mgeni hujiaibisha. Kilichokaa mahali pa tangi si tangi, bali ni boma la kichujio cha hewa na nyaya, na tangi lenyewe limefichwa chini ya kiti ili uzito ukae chini, jambo ambalo mwandishi alilifahamu baada ya kwisha kununua siki lita nane za kuondolea kutu. Siki hiyo iliishia kwenye achari, nayo ilitosha majirani.

Kabureta ni nne, na kama walivyo wake wanne, zinaruhusiwa kwa sharti la uadilifu. Petroli iliyosahauliwa ndani yake msimu wote wa baridi huganda ikawa utomvu, ikaziba vitundu vya shaba vyembamba kuliko tundu la sindano, na hata vikishazibuliwa hubaki kazi ya kuzipatanisha, yaani kuzifungia geji za kupimia mvuto wa hewa na kukaza na kulegeza skurubu hadi zote nne zivute sawa. Mwandishi, mwenye mke mmoja na asiyedai uzoefu wa zaidi, alikesha siku tatu kwenye usuluhishi huo, na kila aliporidhika na ya tatu, ya kwanza ilinuna.

Msiba wenyewe, hata hivyo, ulikuwa wa umeme. Ndani ya injini mna stata, koili za waya wa shaba ambazo sumaku huzizunguka na kuzalisha umeme, unaotoka kwa nyaya tatu za njano zilizounganishwa kwa plagi ya plastiki; plagi hiyo, baada ya miongo kadhaa, hulegea, hupata joto, kisha huyeyuka. Dawa yake ni kuikata na kuzilehemu nyaya moja kwa moja, kazi ya nusu saa. Mwandishi aliiahirisha ili kwanza afunge taa mbili za ukungu, vishikio vya kupasha mikono joto na redio ya kaseti, na kwenye taa za kwanza za barabarani, vyote vikiwa vimewashwa, taa kubwa ya mbele ilififia ikawa kibatari. Stata ilikuwa imeungua, na kuibadilisha kunataka injini itolewe, kwani stata imekaa upande wake wa nyuma. Njia ya mkato, ambayo Wamarekani wameipa jina la umaskini, ni kufunga alteneta ya gari mbele ya injini. Nayo ilidai kifuniko cha mikanda kikatwe, kinga ya chini ikatwe, kishikilio kichongwe, na hesabu ya umaskini huo mama watoto hajaoneshwa mpaka leo.

Ili kujihakikishia, mwandishi alifunga na geji ya volti, ambayo sindano yake ikisimama kwenye 14 huashiria kuwa betri inachajiwa vizuri. Siku ya safari ya kwanza, mkewe akiwa kiti cha nyuma, waliondoka kwa barabara ya 33 kwenda Marysville, na sindano haikutikisika hata mara moja, jambo linalojulikana kwa uhakika kwa sababu macho hayakubanduka kwayo. Yapata nusu saa baada ya njia ya kuingilia Marysville kuachwa nyuma, kofia ya mwandishi iligongwa kwa kidole mara tatu. Kibao kilichokuwa mbele kilisema Bellefontaine. Geji ilisema 14.