Hija ya Kisutu

Jirani yetu hapa Mlingotini, Bagamoyo, mkwezi wa minazi, alikwenda Dar es Salaam siku moja tu, alfajiri daladala, magharibi nyumbani. Sasa anatufundisha India nzima.

Alifika Kisutu, kwenye mahekalu ya Wahindu. Akavua makubazi mlangoni, na roho akaiacha palepale iyalinde. Ndani kengele, maua, ubani, na mungu Ganesha na kichwa chake cha tembo. Mkwezi yule, kuona nazi nzima zimetolewa sadaka, akaanza kupiga hesabu ya bei. Akapewa ladu, akaomba na ya mtoto. (Mtoto ana miaka 30.)

Kisha maduka, na hapo ndipo ibada ilipokolea. Akarudi na udi, jalebi, tui la nazi la pakiti na dawa ya meno "ya ng'ambo".

Mkewe, ambaye bamvua likitoka yumo baharini na kamba zake za mwani, aliigeuzageuza ile dawa. Mwani wetu huuzwa mkavu, ukaenda nje, viwandani wakautoa ute unaozifanya dawa za meno nyingi kuwa nzito.

"Baba Mwanahawa," akasema, "safari yote hiyo kuniletea nazi na mwani?"

Jirani kajibu kwamba sisi hatujui utalii. Labda. Bagamoyo mjini kuna Mtaa wa India, na majumba ya wafanyabiashara wa Kihindi wa karne ya 19. Huko hajakanyaga. Ni karibu mno, nani atamsikiliza akirudi?