Mmea wa Wifi

Nyumbani kwetu Bigwa, chini ya miteremko ya Uluguru, uliingia mmea ambao kila mtu aliutambua na hakuna wawili waliokubaliana. Aliuleta wifi yangu kutoka Mgeta, alipotelemsha njegere na kabichi za kuuza Soko Kuu la Chifu Kingalu. Ulikuwa umelala juu ya mzigo, udongo bado umeshika mizizini. Akaupanda kwenye ndoo ya rangi iliyokatika mkono, akaiweka kando ya mlango wa jikoni.

"Alovera hii," akasema. Alikuwa mjamzito, kiungulia hakimpi usingizi, na huko sokoni alishaambiwa kwamba juisi ya alovera na asali hutuliza tumbo.

Bibi, yaani mama mkwe wangu, akainua jani moja akalitazama pande zote. "Alovera ya wapi yenye miiba namna hii? Hii ni shubiri ya kuku." Mzee wa nyumba ya pili, aliyekulia kwenye kambi za mkonge za Tungi, akachungulia juu ya uzio na kuwakatalia wote wawili: huo ni mkonge wa mapambo, ngojeni mtauona ukitoa mlingoti. Baba watoto akatoa simu, akaupiga picha. Programu ikampa jina moja asubuhi, jingine jioni. Sikuishangaa. Jamii za shubiri duniani ni zaidi ya 500, na simu ilikuwa imeonyeshwa majani tu.

Madai ya mzee yalikuwa mepesi kuyapima. Jani la mkonge ukilivunja linatoa nyuzi. Letu lilikatika kama tango. Wala halikutoa maziwa meupe, kama yale ya mnyaa wa uzioni yanayoweza kuumiza macho. Lilitoa utomvu wa manjano chini ya ganda, na ndani likawa na ute mzito unaong'aa. Hiyo ni shubiri, hakuna ubishi. Ila baba watoto aliyelivunja alikuwa amevaa kanzu ya Ijumaa, na utomvu ule ukamdondokea kifuani. Tulifua kwa sabuni, kwa limau, kwa jua. Doa likageuka kahawia, likabaki pale pale.

Doa lile ndilo lililonifanya niifungie blenda kabatini. Watu wanapoisifu alovera huwa wanausifu ute wa ndani. Utomvu wa manjano ni kitu kingine: una aloini, inayoendesha tumbo kwa nguvu, na mjamzito hapaswi kuunywa hata kama mmea ni alovera halisi. Nchini Marekani, mwaka 2002, dawa za kuharisha za dukani zilizotengenezwa kwa shubiri ziliamriwa ziondolewe, kwa kuwa watengenezaji hawakuleta ushahidi wa usalama wake. Wifi hakutaka kusikia habari za Marekani.

"Wifi, unaninyima dawa niliyoibeba mwenyewe?"

"Wifi yangu, nakunyima mmea usio na jina."

Akanuna. Alikula chumbani, akaongea na mimi kupitia watoto. Nilivumilia. Kliniki walimwambia ale kidogo kidogo na asilale mara tu baada ya kula, na kiungulia kikapungua, ingawa hakunijia na habari hiyo; niliipata kwa Bibi.

Tukiwa kwenye ugomvi huo, mdondo wa kuku ukaingia mtaani. Bibi hakumwuliza mtu. Alikatakata majani matatu, akayaloweka kwenye maji ya kuku, akafunika kwa chungio. Kuku walikunywa, na bado walipinda shingo, wakaharisha kijani, wakafa, hata yule jogoo mwekundu aliyekuwa amewekwa kwa ajili ya arobaini ya mtoto.

Nataka nimtendee Bibi haki hapa. Wafugaji wengi wa Tanzania na Kenya huwapa kuku shubiri mwitu, ile ambayo wataalamu huiita Aloe secundiflora, na watafiti wameifanyia majaribio dhidi ya mdondo. Bibi aliirithi kazi hiyo kwa mama yake. Lakini shubiri ile hukaa nyanda kavu, majani yake ni ya kijani iliyofifia, na maua yake hupangika upande mmoja wa tawi. Iliyokuwa kwenye ndoo yetu ilitoka mwambani mlimani. Zaidi ya hayo, mdondo ni wa virusi, na kuku akishaugua hana tiba. Kinachomwokoa ni chanjo kabla ya ugonjwa.

Kiangazi kikakolea, na majani yakaanza kuwa mekundu, kuanzia nchani. Bibi akasema husuda ya majirani. Wifi akasema kiu. Basi watoto wakaanza kumwagia kila maji yaliyobaki, ya kuoshea vyombo, ya kuoshea mchele, mpaka ndoo ikawa tope na majani ya chini yakaanza kuoza. Nilitoboa ndoo, nikaongeza mchanga, nikausogeza chini ya mwembe. Baada ya muda ukarudi kijani. Wekundu ule ulikuwa wa jua tu; shubiri nyingi hubadilika hivyo zikikaa juani bila maji. Kwa hiyo rangi haikututajia jina. Hata madoa ya majani hayaaminiki sana kwa kuutambua mmea, maana alovera yenyewe huwa na madoa ikiwa changa na huweza kuyapoteza ikikomaa.

Kisha ukatoa ua. Shina lilichomoza katikati, likapanda, likafungua vichupa vyekundu vya rangi ya marijani, na chozi wakaanza kuja alfajiri kufyonza. Hapo alovera ya wifi ikaanguka, kwa sababu ua la alovera tunayoijua ni la manjano. Niliibeba ndoo nzima hadi kwa mtaalamu wa mimea katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Alitazama vichipukizi kuzunguka shina, miiba myeupe ukingoni, ua, kisha akauliza swali ambalo nyumbani hakuna aliyeliuliza: umetoka wapi hasa?

Nilipotaja Mgeta akasema ni Aloe bussei, shubiri iliyoelezwa na Alwin Berger mwaka 1908 na kupewa jina la Walter Busse, mwanabotania Mjerumani aliyekusanya mimea nchini humu. Swali lake lilikuwa na sababu. Mwaka huo huo Berger alieleza na Aloe dorotheae, inayofanana nayo sana na yenye kuwa nyekundu vilevile juani, lakini hiyo ni ya miamba ya Handeni na iko hatarini kutoweka kabisa.

Wifi alijifungua salama, na tunaongea. Mmea umebaki chini ya mwembe na haunywewi na mtu wala kuku.

Ninyi mnaopanda na kushuka Mgeta, Kinole na Matombo, nawaomba msing'oe. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru ilitangazwa mwaka 2008, na mmea ulio ndani yake si wa kubeba kikapuni. Hata biashara ya kuvuka mipaka ya shubiri imewekewa masharti na mkataba wa CITES. Alovera peke yake ndiyo iliyoachwa nje. Ukitaka alovera, omba kichipukizi kwa jirani aliyeiona ikitoa ua la manjano. Na kuku wako wapeleke kwa mchanjaji wapate tone la I-2 jichoni, kila baada ya miezi mitatu, kabla mdondo haujafika mtaani kwenu.